Jino Hutunzwa Kama Chombo

Yako maradhi ambayo mtu akishapona huyasimulia kwa fahari. Askari husimulia jeraha alilolipata vitani, na mvuvi husimulia homa iliyomshika akiwa katikati ya bahari. Ugonjwa wa jino haumo katika hesabu hiyo. Mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyezoea njaa, jua na kukesha, huketi ukingoni mwa kitanda usiku kucha ameshika shavu, asitake kusemeshwa na mkewe wala kuchezewa na mwanawe. Chakula kipo lakini hakitafuniki. Asubuhi akiwa katika zamu ya ulinzi, mawazo yake hayapo lindoni. Yamo kinywani mwake.

Majeshi makubwa ya dunia yalijifunza jambo hili kwa gharama. Katika Vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902, Waingereza walipoteza askari wengi kazini kwa sababu ya meno mabovu. Hata hivyo, vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi lao lililovuka kwenda Ufaransa halikuwa na daktari wa meno hata mmoja. Jenerali Douglas Haig akashikwa na maumivu ya jino wakati wa mapigano ya mto Aisne, ikabidi daktari aitwe kutoka Paris. Kabla ya mwaka huo kwisha, madaktari wa meno walianza kupelekwa vitani, na mwaka 1921 Uingereza iliunda kikosi maalumu cha madaktari wa meno jeshini. Jino moja la jenerali lilifanya kazi ambayo meno ya maelfu ya askari wadogo hayakuweza kuifanya.

Jenerali aliweza kuletewa daktari. Mtu wa Kudha hana njia hiyo. Kudha ni miongoni mwa visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya, pamoja na Koyama, Ngumi na Chula. Watu wake ni wavuvi na mabaharia tangu zamani. Vita vilivyoivunja serikali ya Somalia mwaka 1991 viliwatawanya wengi wao hadi pwani ya Kenya, na mwaka 2014 kisiwa chenyewe kilipiganiwa baina ya majeshi ya Jubaland na Al-Shabaab. Aliyeko huko akiumwa na jino, mji mkubwa ulio karibu ni Kismayu, na njia yake ni bahari. Pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, chombo kidogo hakitoki. Zikitulia, kuna mafuta ya mashine, kuna nauli, na kuna siku za kazi zitakazopotea. Jino hulipiwa mara tatu kabla daktari hajalitazama.

Hali hiyo si ya Kudha peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa, na kwamba katika Kanda yake ya Afrika madaktari wa meno, wakilinganishwa na idadi ya watu, ni kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya wastani wa dunia. Kambi ya jeshi iliyo porini, kituo cha polisi cha mpakani na kijiji cha wavuvi, vyote vimo katika fungu moja: daktari yu mbali. Madhali ndivyo ilivyo, hapana budi kazi yake kubwa ifanywe nyumbani, kwa mkono wa mwenye meno.

Wabajuni hawana haja ya kufundishwa kanuni ya kazi hiyo, kwa sababu wanaijua kwa vyombo vyao. Chombo cha mbao kikikaa majini bila kutazamwa, chini yake huota majani na viumbe vya bahari, na yuko mdudu anayeutoboa ubao kutoka ndani bila nje kuonekana alama. Nahodha mwenye akili hangoji chombo kianze kuvuja. Hukipandisha pwani maji yanapokupwa, hukikwangua, hutia kalafati penye mwanya, kisha hukipaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, ili kuukinga ubao. Kazi hii hurudiwa kila baada ya muda, hata kama chombo kinakwenda vizuri. Fundi hapigi nyundo mpaka aone hatari. Hupiga ili hatari isije.

Meno nayo yamo majini mchana na usiku. Mate, chakula na vijidudu visivyoonekana kwa macho hujenga juu yake utando laini wenye kunata. Utando huo ukiachwa siku kadhaa huchanganyika na madini ya mate ukawa mgumu, na huo ndio ukoga wa manjano unaoonekana chini ya fizi za watu wengi. Ukiwa bado laini huondolewa kwa mswaki. Ukishakuwa mgumu hauondoki ila kwa vyombo vya daktari. Tofauti baina ya hali hizo mbili ni siku chache tu za uvivu.

Watu wa pwani, kama watu wa bara, husema jino limeingia mdudu. Wengine hudai kwamba mvuke wa dawa fulani umemtoa, wakaonyesha kitu cheupe chembamba kama ushahidi. Yafaa ieleweke kwamba hakuna mnyoo katika jino. Waharibifu ni vijidudu wa ule utando. Kila mtu anapokula au kunywa kitu chenye sukari, vijidudu hao huila sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje ya jino. Mashambulizi hayo huendelea kwa nusu saa hivi, ndipo mate yaanze kurekebisha. Jino likipata mapumziko ya kutosha, mate hurudisha madini yaliyotoka. Likishambuliwa tangu alfajiri hadi usiku, tabaka hutoboka, na tundu likishapatikana halizibi lenyewe. Jino si mfupa, halijiungi.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la swali ambalo wazee wa visiwani hupenda kuwauliza vijana: imekuwaje babu aliyetumia kijiti cha mti akafika uzeeni na magego yake, ilhali mjukuu mwenye mswaki wa dukani ana matundu kabla ya kubaleghe? Mzee hudhani mti ulikuwa bora kuliko plastiki. Ukweli ni kwamba kinywa cha babu hakikupata sukari kwa wingi huu. Chakula chake kilikuwa samaki, nazi na nafaka, na kitu kitamu kilikuwa cha sikukuu. Mjukuu hunywa chai ya sukari nyingi asubuhi, hununua peremende saa nne, soda adhuhuri, biskuti jioni, kisha chai tena kabla ya kulala. Wala babu hakuwa salama kama anavyosimulia. Wazee wengi walipoteza meno yasiyo na tundu hata moja, kwa sababu ukoga uliila fizi mpaka meno yakalegea na kuanguka.

Mti wenyewe, hata hivyo, haustahili dharau. Mswaki, ambao Wasomali huuita caday na wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, ni mti unaostahimili ukame na ardhi ya chumvi, na ndio uliokipa chombo hiki jina lake katika Kiswahili. Kwa Waislamu kuutumia ni sunna inayojulikana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii zilizouzoea, na mwaka 2000 wataalamu wakasema uchunguzi zaidi ufanywe. Wenye kuutumia yapasa waujue ulivyo. Kijiti kiwe kibichi, chenye unene wa kalamu, kikikauka kilowekwe. Ngozi imenyolewe kiasi cha sentimita moja, ncha itafunwe mpaka nyuzi zifunguke, na nyuzi zilizochoka zikatwe kila siku. Kisiburutwe kwa nguvu kwenda kulia na kushoto juu ya fizi, kwani fizi hurudi nyuma na mizizi ya meno ikabaki wazi.

Upungufu wa kijiti ni wa namna mbili. Kwanza, nyuzi zake hutazama mbele kama brashi ya mchoraji, kwa hiyo huyasugua vizuri meno ya mbele lakini hufika kwa shida upande wa ndani na nyuma ya magego, mahali ambapo ukoga hupenda kujificha. Pili, hakina madini ya floraidi ya kutosha, na madini hayo ndiyo yanayolipa jino ugumu wa kushindana na asidi. Katika mfano wa chombo, mswaki ndio ukwanguaji, na dawa ya meno yenye floraidi ndiyo deheni. Anayependa sunna yake na aendelee nayo mchana kutwa. Lakini mara mbili kwa siku ajipatie pia mswaki wa nyuzi laini na dawa hiyo. Akikosa mswaki wa dukani, apake dawa ya meno kwenye ncha ya kijiti. Mkaa na mchanga vyafaa viachwe, kwani vinaling'arisha jino kwa kulikwangua. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu huzipoza fizi zenye kidonda, lakini hayauondoi utando.

Sasa namna ya kupiga mswaki. Watu wengi husugua sekunde chache, mbele tu, kama mtu anayefagia mlangoni kwa sababu mgeni amepiga hodi. Muda unaotakiwa ni dakika mbili. Mswaki ulazwe kidogo, nyuzi zielekee mahali jino linapokutana na ufizi, kisha uzungushwe polepole kwa duara ndogo, meno mawili matatu kwa wakati mmoja. Aanze gego la mwisho la juu kulia, azunguke mpaka la mwisho kushoto. Arudi kwa upande wa ndani. Ashuke chini afanye vivyo hivyo. Amalizie sehemu za kutafunia na ulimi. Mwenye utaratibu hasahau mahali. Fizi zikitoka damu mtu asiache, kwani damu hiyo aghalabu ni dalili kwamba hapo hapakuwa pakisuguliwa. Ikiendelea kwa majuma mawili baada ya kusugua vizuri, amwone mganga wa hospitali.

Akimaliza ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi. Watu hushangaa wanapoambiwa hivyo, lakini maji huiosha floraidi kabla haijafanya kazi yake. Hii ni bahati kwa mkazi wa kisiwa chenye maji matamu machache, na kwa askari mwenye chupa moja ya maji kwa siku nzima. Hakuna anayeweza kusema amelala bila kupiga mswaki kwa kukosa maji, maana kinachohitajika ni ya kulowesha nyuzi na kuosha mswaki baadaye. Mswaki usimamishwe mahali pa hewa ukauke, usifungiwe ukiwa maji, na ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu au nyuzi zinapopinda. Mume na mke hugawana mengi, ila si mswaki.

Kati ya mara mbili hizo, ya usiku ndiyo isiyoachika. Mtu akilala mate hupungua, na kinywa hubaki bila mlinzi. Anayelala na mabaki ya halua au chai ya maziwa kinywani amewapa vijidudu karamu ya saa saba. Katika mwezi wa Ramadhani utaratibu uwe baada ya chakula cha mwisho cha usiku, na tena baada ya daku kabla ya alfajiri kuingia. Askari wa zamu ya usiku apige mswaki kabla ya kwenda lindoni, kisha anywe maji matupu. Anayekesha kwa miraa na soda baridi huyapa meno yake mvua ya sukari na asidi isiyokatika. Mwenye tambuu yuko hatarini zaidi: tangu mwaka 2004 popoo imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hata ikitafunwa bila tumbaku.

Kwa watoto, kazi ni ya wazazi. Jino la kwanza likichomoza, lianze kusuguliwa. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atiliwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Asiachwe kuila, kwani floraidi nyingi nayo ina madhara, kama wanavyojua watu wa baadhi ya sehemu za Arusha, ambako maji yana madini hayo kupita kiasi na meno ya watoto huota yakiwa na rangi ya kahawia. Mkono wa mtoto hauwezi kusugua vizuri mpaka afike miaka saba au minane. Kabla ya hapo mzazi asimame nyuma yake amsaidie.

Liko jambo moja linalowapita wazazi wengi. Mtoto afikapo miaka sita hivi, magego manne huota nyuma ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka. Mama huyaona akadhani nayo ni ya utotoni, na yakianza kuoza husema yataanguka, mengine yatakuja. Hayatakuja. Magego hayo ndiyo ya maisha, na ndiyo nguzo za kutafunia kwa miaka sitini ijayo. Mengi huoza kabla mtoto hajamaliza darasa la nne, kwa kosa la kutojulikana tu.

Kosa jingine hufanywa kwa wachanga. Mtoto akiwa na homa na kuharisha, wako wanaotazama fizi zake, wakaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, wakasema hayo ndiyo yanayomuua. Tanzania yameitwa meno ya plastiki. Kwa Wasomali huitwa ilko dacowo, yaani meno ya mbweha. Huitwa mtu akayachokoa kwa kitu chenye ncha. Anachokitoa ni jino halisi ambalo halijaota. Mtoto hupoteza damu, huingiwa na uchafu katika kidonda, na kuharisha kunabaki pale pale. Wapo waliokufa kwa tiba hiyo. Dawa ya mtoto anayeharisha ni maji ya chumvi na sukari ya kupimwa, maziwa ya mama, na safari ya kwenda zahanati.

Mzazi azitazame pia fizi za mtoto aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka kuugua surua. Fizi zikitoka damu na kunuka vibaya, kisha shavu likaanza kuvimba, asingoje. Huenda ikawa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula nyama ya uso kwa siku chache na kuua wengi wa wasiotibiwa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za kawaida, kusafisha kinywa na kulishwa vizuri.

Kwa mtu mzima, jino lililokwisha kuuma haliponywi na mswaki. Mafuta ya karafuu, ambayo hata madaktari huyatumia, hutuliza maumivu kwa muda, lakini jino lililotulia halijapona. Zipo dalili zisizovumilika hata kwa usiku mmoja: uvimbe ulioshuka chini ya taya kuelekea shingoni, kinywa kisichofunguka, mate yasiyomezeka, na homa kali. Usaha huo unaweza kuiziba njia ya pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo apakiwe chomboni au garini mara moja, iwe kusi, iwe kaskazi. Katika kisiwa kama Kudha, uamuzi wa kungoja mpaka kesho unaweza kuwa uamuzi wa mwisho.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mswaki wa nyuzi laini na dawa ya meno ya kawaida ni vitu vya bei ndogo, na dakika nne kwa siku si muda wa kumchelewesha mvuvi na maji yake wala askari na gwaride lake. Afisa anayekagua bunduki na viatu vya vijana wake hapungukiwi heshima akikagua na miswaki yao. Nyumbani, baba akipiga mswaki uani wakati wa kulala, watoto humfuata bila kuhutubiwa, kama wanavyomfuata pwani siku ya kukwangua mashua, kila mmoja akidai kipande chake cha ubao.